Stoo moja ya futeji kwa maedita kadhaa: vile ya kuchagua bila kumaliza pesa ya harusi zote za Desemba

Studio nyingi za huku kwetu, Kisumu, Nakuru mpaka Kakamega, zinaendeshwa na ekstenali. Kamera zinarudi Jumamosi usiku kutoka harusi ama mazishi, mtu anamwaga kadi kwa diski ya USB, na Jumatatu hiyo diski inazunguka meza kwa meza, huyu anakata hailaiti, yule anasafisha sauti, wa tatu amekaa tu anauliza "umemalizana nayo?" Halafu mtu anabeba mradi kwa laptopu yake nyumbani, anarudi na toleo lingine, na sasa kuna faili tatu zote zinaitwa FINAL na hakuna mwenye anajua ipi ndiyo ya kupelekea bibi harusi. Hapo ndio mtu husema basi tununue seva. Na hapo ndio pesa huanza kupotea, sababu watu huingia dukani wakiuliza terabaiti ngapi, na hilo si swali la kwanza.

Swali la kwanza ni watu wangapi watavuta futeji ya aina gani kwa wakati mmoja. Spidi kwanza, ukubwa baadaye. Ukijua hiyo namba, nusu ya vitu wauzaji watakuambia utanyamaza tu uwaangalie.

Piga hesabu ya mvuto

Kamera na kebo za network huhesabiwa kwa biti, diski huhesabiwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hivyo kamera yenye inarekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, na hizo ndizo nyingi mtaani, inahitaji megabaiti 12.5 kwa sekunde ukiicheza. Hiyo ni gigabaiti 45 kwa kila saa ya kurekodi. Harusi ya kamera tatu, kila moja ikirekodi saa nne, ni gigabaiti 540. Weka hiyo 540 kichwani tutaihitaji tena.

Sasa edita mmoja akipanga hizo kamera tatu kwa multikamu anavuta megabaiti 37.5 kwa sekunde. Watatu wakifanya hivyo pamoja ni kama 112. Na kebo ya kawaida ya gigabiti moja, kwa makaratasi inapitisha megabaiti 125 kwa sekunde lakini ukitoa mzigo wa protokoli unabaki na 110 hivi. Umeona mahali tumefika? Kebo imejaa na hakuna mtu ameanza hata kumwaga kadi mpya, na siku ya kumwaga kadi ndio siku kila mtu hulalamika.

Kama nyinyi ni watu wa ProRes, ile aina ya faili nzito ya Apple, mambo yanabadilika kabisa. ProRes 422 ya UHD kwa fremu 25 ni megabiti 492 kwa sekunde, yaani megabaiti 61 na kitu. Mtu mmoja na kamera mbili tayari amepita uwezo wa kebo nzima ya giga peke yake.

Lakini angalia upande wa pili, wa proksi, yaani nakala nyepesi za futeji za kuediti nazo. ProRes Proxy ya 1080p kwa fremu 25 ni megabiti 38 tu, haifiki hata megabaiti 5. Maedita watatu, kila mmoja na kamera tatu, ni kama megabaiti 43 kwa sekunde. Hiyo kebo ya giga inabeba ikiwa imelala. Premiere, DaVinci Resolve na Final Cut zote zinatengeneza proksi, unaziacha zitengenezwe usiku, mnaediti na proksi mchana, futeji kubwa inaguswa tu wakati wa rangi na wa kutoa kazi ya mwisho. Mimi naona studio yoyote ya watu watatu wanne inafaa ijaribu kazi ya proksi kabla ya kununua kitu chochote kinachoitwa 10G (network ya gigabiti 10), sababu proksi ni bure na 10G si bure.

Na kabla hata ya hapo, hakikisha shida yako ni stoo kweli. Watu wengi wanalaumu diski na kumbe ni kompyuta imeshindwa kufungua kodeki, yaani namna video ilivyofinywa. H.265 ya biti 10 na rangi 4:2:2, zile faili kamera mpya za Sony na Canon zinatoa, ni ngumu sana kwa mashine nyingi. Kadi za Nvidia za kabla ya RTX 50 hazina saketi ya kufungua hiyo 4:2:2, wakati grafiki ya ndani ya Intel kizazi cha 11 na kuendelea inaiweza, ndio maana unaweza kupata laptopu ya bei ya kawaida inacheza freshi na dubwana lenye RTX linakwama. Jaribio lake ni rahisi: nakili klipu moja kwa SSD ya ndani ya mashine, icheze. Kama bado inakwama, stoo haina makosa, hata ununue seva ya dhahabu itakwama tu. Tengeneza proksi.

Labda hata huhitaji seva

Kama ni wewe peke yako, ama wewe na mwenzako mmoja, sema ukweli kwa pesa yako. SSD mbili za USB zenye futeji ileile, kila mtu na yake, na mnapitishiana faili ya mradi tu ambayo ni megabaiti chache, inawatosha. Hakuna seva itashinda SSD yenye imechomekwa kwa mashine yako.

Hatua ya juu kidogo ni kuweka diski kubwa ndani ya kompyuta moja na kuisheya kwa wengine. Inafanya kazi, ni ya bei ya chini, lakini mwenye hiyo kompyuta akianza kurenda wengine wote wanahisi, na Windows ikiamua kujiapdeti saa nane mchana wote mnakaa mkiangaliana. Kwa watu wawili sawa. Wakifika watatu, tafuta sanduku lenye kazi yake ni stoo peke yake.

Sanduku: kununua lililo tayari ama kujijengea

Hapa ndio mabishano huwa mengi. Masanduku yaliyo tayari, kina Synology na QNAP, uzuri wao ni kwamba unaweka diski, unafungua kwa brauza, unabonyeza bonyeza, na ndani ya saa moja mnafanya kazi. Ubaya ni bei kwa kile unachopata, na za bei ya chini huja na porti ya giga moja tu ambayo tumeona inajaa haraka. Ukienda huko, chukua yenye nafasi nne za diski na angalau porti ya 2.5G ama nafasi ya kuongeza kadi ya network. Ya nafasi mbili usinunue kwa kazi ya video, itajaa na utarudi dukani. Pia uliza kuhusu diski zinazokubalika: 2025 Synology walitangaza kwamba modeli zao mpya za Plus zitataka diski zao wenyewe, watu wakapiga kelele, na Oktoba mwaka huohuo wakalegeza na DSM 7.3, toleo jipya la mfumo wao. Kwa hivyo ukiuziwa moja iliyokaa kwa shelfu, iapdeti kwanza.

Njia ya pili ni kompyuta ya ex-UK. Hizi desktopu za ofisi za HP na Dell zimejaa kila mahali, ziko madukani Kisumu, ziko Nakuru, na za Nairobi unatumiwa kwa pasoli zinafika kesho yake. Cha kuangalia ni umbo lake. Usichukue ile nyembamba, SFF, sababu ndani yake diski kubwa ya inchi 3.5 huingia moja tu. Chukua tower. Fungua kifuniko palepale dukani, hesabu nafasi za diski, hesabu porti za SATA (za kuchomeka diski) kwa bodi, angalia kama kuna nafasi ya PCIe ya kuweka kadi ya network, na angalia waya za stima za SATA zinatosha. Muuzaji akikataa ufungue, kuna duka lingine.

RAM gigabaiti 8 ndio kianzio cha TrueNAS, mfumo unaogeuza kompyuta kuwa seva ya faili, lakini weka 16 kama unaweza, sababu ZFS, njia yake ya kupanga data kwa diski, hutumia RAM kukumbuka faili zinazoguswa mara kwa mara na kwa watu watatu wanaocheza klipu zilezile utaiona tofauti. TrueNAS ni bure. OpenMediaVault pia ni bure, imejengwa juu ya Debian, na ni nyepesi kwa mashine nzee. Unraid ni ya kulipia, na uandishi wake kwa diski zenye ulinzi ni wa polepole kidogo bila SSD ya kashe, siipendi kwa video ingawa kwa kuhifadhi kazi za zamani ni nzuri.

Kitu kimoja watu husahau ni tokeni. Seva huwaka usiku na mchana. Ikila wati 60 hiyo ni kama yuniti 43 kwa mwezi. Ukiletewa zile mashine kubwa za Xeon ambazo bei yake inakaa kama zawadi, zikila wati 120 bila kufanya kitu ni yuniti 86 kwa mwezi, kila mwezi, na joto lote hilo linabaki hapo ofisini. i3 ama i5 ya kizazi cha 8 inatosha kabisa, kazi ya kugawa faili haihitaji misuli.

Diski ndizo zitakula pesa, kwa hivyo hapa usikimbie

Kuna diski za CMR, zinazoandika kila njia ya data kando, na za SMR. SMR hupanga njia za data zikilaliana kama vigae, ndio iingize data nyingi kwa bei ya chini, na tatizo ni kwamba ukiandika juu ya kitu cha zamani inabidi iandike upya eneo zima. Kwa bakapu haina neno. Kwa RAID, yaani diski kadhaa zikifanya kazi kama moja, ni balaa, hasa siku diski moja imekufa na umeweka mpya ijengwe upya. 2020 ilijulikana kwamba baadhi ya WD Red za terabaiti 2 mpaka 6 zilikuwa SMR bila kuandikwa kwa boksi, kelele zikawa nyingi, na sasa Red Plus na Red Pro ndizo CMR. Seagate IronWolf ni CMR. Diski za kawaida za desktopu kubwakubwa nyingi ni SMR, kwa hivyo andika namba ya modeli, itafute kabla ya kutuma M-Pesa.

Dukani utaambiwa pia kuhusu diski za CCTV, WD Purple ama SkyHawk, sababu mafundi wa CCTV ndio wateja wakubwa na hizo hazikosi. Zimepangiwa kazi ya kuandika video mfululizo. Zitafanya kazi kwa NAS (sanduku la stoo la network), si mwisho wa dunia, lakini kazi ya edita ni kusoma hapa na pale kwa fujo na kwa tofauti ndogo ya bei ningechukua za NAS.

Za mitumba je? Zinaweza kuwa sawa kama unazikagua. CrystalDiskInfo itakuonyesha masaa yaliyotumika na sekta zilizohamishwa, na sekta zilizohamishwa zikiwa zaidi ya sifuri mimi naachana nayo. Lakini jua kwamba mwanzoni mwa 2025 kule Ujerumani kuligunduliwa diski za Seagate zilizotumika zikiuzwa kama mpya, namba za SMART (rekodi ya afya ya diski) zimefutwa zikarudi sifuri. Kilichowashika ni rekodi nyingine ndani ya diski inaitwa FARM, ambayo unaisoma na smartctl kwa amri ya smartctl -l farm. Seagate mpya inayoonyesha masaa elfu kadhaa kwa FARM, rudisha.

Sasa mpangilio. RAID 0 sahau. RAID 1 ni diski mbili zenye kitu kimoja. RAID 5, ama RAIDZ1 kwa ZFS, diski nne unapoteza ukubwa wa moja, na moja ikifa kazi inaendelea. RAID 6 unapoteza mbili. RAID 10 unapoteza nusu lakini ndiyo inajibu haraka watu wengi wakisoma pamoja. Kwa studio ya watu watatu na diski nne mimi naenda RAID 5 nikiwa na bakapu ya kweli, na kama bakapu ni ya kubahatisha basi sina hamu ya kuongea mambo ya RAID na wewe kwanza.

Kwa nini diski nne ndogo na si mbili kubwa? Diski moja inayozunguka inaweza kutoa megabaiti 150 mpaka 250 kwa sekunde ikisoma faili moja moja kwa moja. Watu watatu wakiigusa, sindano inaruka huku na kule, kila mruko ni milisekunde kadhaa, na ile spidi ya kwa boksi inaanguka vibaya sana. Diski nyingi zinagawana huo mzigo.

Mfano: diski nne za terabaiti 8 kwa RAID 5 ni terabaiti 24, Windows itakuonyesha kama 21.8 usishtuke, ni hesabu tofauti tu. Usijaze kupita asilimia 80, ZFS hasa huanza kuchoka. Kwa harusi za gigabaiti 540 hiyo ni kama harusi 35. Studio yenye kazi mbili kwa wiki inamaliza hiyo nafasi kwa miezi minne hivi, kwa hivyo lazima kuwe na utaratibu wa kutoa kazi zilizolipwa zikaenda kwa diski za kuhifadhi. Seva ni ya kazi zinazoendelea. Ukiifanya ghala la kazi zote tangu ufungue studio, hakuna ukubwa utakutosha.

Kebo na swichi, mahali pesa kidogo inaleta tofauti kubwa

Kila edita anaweza kuwa na kebo yake ya giga, lakini seva nayo ikiwa na kebo moja ya giga, wote wanapita hapo. Soko la Kibuye siku ya Jumapili halafu mfungue lango moja tu. Kwa hivyo kama una pesa kidogo ya network, iweke upande wa seva. Tafuta swichi yenye porti nane za 2.5G na porti moja ama mbili za SFP+ za 10G. Seva inaingia kwa SFP+, maedita kwa 2.5G, ambayo ni kama megabaiti 280 kwa sekunde kwa kila mtu. Kadi za 10G za mitumba kama Intel X520 ama Mellanox ConnectX-3 zinafanya kazi vizuri kwenye Linux, ndio nasema zikae kwa seva na si kwa mashine za Windows 11 ambapo draiva zake zitakusumbua. Zinapata moto, ziwekee feni. Kati ya seva na swichi tumia kebo fupi ya DAC, ile inayochomeka moja kwa moja kwa SFP+, hutahitaji moduli.

Kompyuta zisizo na 2.5G zinaongezewa kadi ya PCIe yenye chipu ya Realtek RTL8125, laptopu na MacBook unachomeka adapta ya USB. Mac Studio tayari ina 10G ndani. Wenye bajeti kubwa na kazi ya ProRes ndio waangalie kitu kama MikroTik CRS305, porti nne za SFP+ kwa kijisanduku kidogo, na kila edita mwenye kazi nzito apate 10G yake.

Mtu atakuambia uunganishe porti mbili za giga ziwe giga mbili. Hiyo kuunganisha, LACP, haimpi mtu mmoja spidi mara mbili kwa faili moja, inagawa watu tofauti kwa njia tofauti, na wakati mwingine wote wanaangukia njia moja. Usipoteze Jumapili yako.

Waifai kwa kuediti kutoka seva, hapana. Waifai ni ya kutuma WhatsApp.

Kuhusu kebo yenyewe, fundi akikuletea roli la bei ya chini sana uliza kama ni shaba tupu ama ni CCA, yaani aluminiamu iliyopakwa shaba. CCA inakatika, inapoteza mawimbi, na kwa 2.5G utaona inashuka mpaka megabiti 100 bila kukuambia. Kwaruza waya na kisu, ndani ikiwa nyeupe si shaba. Cat5e ya shaba inabeba 2.5G mita 100 bila shida, kwa hivyo kama ofisi tayari ina Cat5e nzuri usibomoe ukuta. Cat6 inabeba 10G kama mita 55, Cat6a mita 100.

Na kama ofisi zenu ni nyumba mbili tofauti kwa kompaundi moja, usivute kebo ya shaba nje. Ukanda huu wa ziwa, Kakamega, Kisii, radi ni nyingi, na si lazima ipige nyumba, ikipiga karibu tu mkondo unaingia kwa kebo na kuua swichi, kadi na pengine seva. Faiba haipitishi stima. Vuta faiba, hata kama ni mita 30.

Stima na joto

UPS si pambo. Stima ikipotea katikati ya kuandika, RAID 5 ya kawaida inaweza kubaki na data nusu. Nunua UPS yenye kebo ya USB ya kuongea na seva, na hiyo kebo uichomeke kweli, sababu wengi huiacha kwa boksi. TrueNAS na Synology zote zinaielewa: stima ikipotea dakika kadhaa seva inajizima polepole yenyewe. Kwa UPS weka seva na swichi pekee. Ukiongeza printa na TV ya wateja itabeba dakika mbili tu halafu useme UPS ni mbaya.

Joto la Kisumu mchana mnalijua. Usiweke seva kwa kabati lililofungwa wala juu ya dari. Angalia joto la diski kwa dashibodi, ikikaa juu ya 45 siku nzima ongeza feni. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaovutwa na taa usiku huingia kwa feni na kukauka hapo, na vumbi la Nakuru linafanya kazi hiyohiyo, kwa hivyo pigeni blowa kila mwezi.

Kufanya kazi pamoja bila kukanyagana

Vifaa vikishakuwa tayari, kuna mambo ya nidhamu. Kashe ya Premiere na ya Resolve ikae kwa SSD ya ndani ya kila mashine, isikae kwa seva, hii peke yake inaondoa mzigo mkubwa. Kila mashine ya Windows ipe seva herufi moja, tuseme Z, wote Z, la sivyo kila mtu akifungua mradi ataulizwa futeji iko wapi.

Watu wawili wasifungue mradi mmoja wa Premiere pamoja, wa mwisho kusevu ndiye atabaki. Tumia Productions, iko ndani ya Premiere tangu 2020: unagawa kazi kwa miradi midogo, na mmoja akiwa ndani wenzake wanaona kufuli na wanaweza kusoma tu. Kila mtu aweke jina lake kwa mipangilio ya Collaboration ndio ile kufuli ifanye kazi. Resolve yenyewe huweka miradi kwa databesi na si kwa faili, na kuna programu ya bure ya Project Server unaiweka kwa mashine moja inayowaka kila wakati.

Kitu kimoja cha Windows 11: kuanzia toleo la 24H2, Pro haikubali tena kuingia kwa seva kama mgeni bila paswedi. Seva ikikataa ghafla baada ya apdeti, usiite fundi, tengenezea kila mtu jina na paswedi yake. Ni vizuri pia, sababu utajua nani alifuta.

Mkimaliza kufunga, pima. iperf3 inapima kebo bila diski, Blackmagic Disk Speed Test ama CrystalDiskMark inapima yote pamoja. iperf3 ikitoa gigabiti 2.3 na kitu kwa 2.5G, kebo iko sawa, ukiona polepole baada ya hapo geukia diski.

RAID si bakapu

RAID inakulinda diski ikifa. Haikulindi mtu akifuta folda, mwizi akibeba sanduku, wala ransomwea. Januari 2022 ransomwea inaitwa Deadbolt ilifungia faili za masanduku mengi ya QNAP yaliyokuwa wazi kwa intaneti. Kwa hivyo usifungue porti kwa ruta ndio uediti ukiwa Nairobi, tumia VPN kama Tailscale ama WireGuard. Washa snapshoti (kumbukumbu ya faili zilivyokuwa wakati huo) za kila saa, mtu akifuta unarudisha kwa dakika moja.

Klaudi kwa futeji yote? Rudi kwa ile 540. Kwa apulodi ya megabiti 20 kwa sekunde bila kukatika, harusi moja inachukua saa 60. Peleka klaudi faili za miradi, sauti na kazi zilizomalizika. Futeji iende kwa diski mbili za ekstenali, hizi hata SMR ni sawa, moja ofisini na moja nyumbani kwa mtu, na kadi za kamera zisifomatiwe mpaka nakala mbili ziwepo. Mara moja moja fungua hiyo bakapu ucheze klipu tatu nne, bakapu ambayo hakuna amewahi kuifungua ni matumaini tu.

Kama pesa ni ya kuokoteza

Anza na proksi na kashe ya ndani, bure. Halafu tower ya ex-UK, diski mbili za NAS kwa RAID 1, TrueNAS na swichi ya giga ya kawaida. UPS iingie mwezi huohuo, isingoje. Diski ya bakapu ndio inafuata, kabla ya spidi yoyote. Kupanda kutoka diski mbili za RAID 1 mpaka nne za RAIDZ1 kwa ZFS si kuongeza tu, unatoa data yote na kupanga upya, kwa hivyo kama unaweza kungoja mpaka harusi za Desemba zilipwe ununue nne pamoja, ngoja. Swichi ya 2.5G yenye SFP+ ije mwisho, na ije tu kama iperf3 na malalamiko ya maedita vinakubaliana. Diski zikifika, kila moja ibandikie namba yake ya seria (serial number) kwa nje mahali unaweza kusoma bila kuichomoa, sababu siku TrueNAS inakuambia diski yenye hiyo namba imekufa, hutaki kukisia ni ipi kati ya nne na kuchomoa iliyo nzima.